Kabla ya Rafu ya London

Mwezi Machi 1928, Siti binti Saad alikuwa Bombay, India, yeye na wenzake kutoka Unguja, wakiimba mbele ya mtambo wa kurekodi wa kampuni ya Kiingereza ya His Master's Voice. Waliimba kwa Kiswahili. Upande mmoja wa santuri ulibeba dakika 3 hivi, kwa hiyo nyimbo zilizozoea kurefushwa kadiri wasikilizaji walivyotaka zililazimika kufupishwa. Santuri zikapigwa chapa, zikapakiwa melini, zikarudi pwani ya Afrika Mashariki, ambako wenye gramafoni walizipiga majumbani na migahawani huku majirani wakisikiliza. Zilikuwa miongoni mwa santuri za kwanza za biashara kurekodiwa kwa Kiswahili.

Miaka 59 baadaye, tarehe 29 Juni 1987, wenye kampuni ndogo za santuri walikutana London katika baa iliyoitwa Empress of Russia. Huko waliafikiana kwamba muziki wa kutoka pande nyingine za ulimwengu, ambao maduka ya Uingereza hayakujua uwekwe wapi, uuzwe katika rafu moja, chini ya jina moja: muziki wa dunia. Tangu hapo imezoeleka kusimuliwa kwamba muziki wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini uligunduliwa katika miaka ya 1980. Kwa upande wa maduka ya London, masimulizi hayo ni ya kweli. Kwa upande wa muziki wenyewe, yanaanzia katikati. Nataka kuyaanzia mbali zaidi, na kila tutakapopita niulize jambo moja: nani alitajwa kwa jina, na nani alisikika tu bila kutajwa?

Siti alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, mnamo 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi, mama yake Mzigua, na kazi ya nyumbani kwao ilikuwa ufinyanzi. Alitembeza vyungu akiviuza, na watu walimjua kwa sauti kabla hawajamwona. Mwaka 1911 alihamia mjini, akakutana na wanamuziki walioshirikiana naye: Subeti Ambari, Buda Swedi, Mbaruk Effandi, Maalim Shaaban. Majina hayo tunayo mpaka leo kwa sababu watu waliyatunza, na kwa sababu Shaaban Robert alikaa akamsikiliza Siti mwenyewe akihadithia maisha yake, kisha akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alifariki mwaka 1950.

Taarabu aliyoikuta mjini ilikuwa imesafiri tayari. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohammed Ibrahim Cairo akajifunze kupiga kanuni. Mwaka 1905 wapenzi wa muziki mjini Unguja waliunda chama cha Ikhwani Safaa, wakiimba kwa Kiarabu na kuagiza ala na mashairi kutoka Misri. Siti aliichukua sanaa hiyo ya kasri na ya mabwana akaiweka katika lugha ya Ng'ambo, mtaa wa watu wa kawaida. Wimbo wake wa Kijiti ulisimulia kisa cha kweli: mwanamke mgeni aliuawa, mwanamume aliyeshutumiwa akatorokea bara, na wanawake waliosimama kortini kutoa ushahidi ndio wakafungwa. Msikilizaji wa Unguja alielewa kila neno, na alijua korti inayolalamikiwa ni ipi.

Kwa hiyo santuri za mwaka 1928 tayari zilikuwa na dunia ndani yake: ala za Misri, mtambo wa Mwingereza, mji wa India na maneno ya Kiswahili. Hakuna aliyehitaji kuzigundua. Waliozinunua ndio waliokuwa wenyewe.

Njia za muziki ziliendelea kufunguka. Kuanzia 1933 His Master's Voice ilileta Afrika mfululizo wa santuri zilizobeba herufi GV, nyingi zikiwa za Cuba. Muziki huo ulikuwa na asili ya Afrika, uliovushwa bahari na watumwa, na wasikilizaji wa Kinshasa ya leo, wakati ule Léopoldville, waliutambua upesi. Mwaka 1948 Mgiriki Nicolas Jéronimidis alifungua hapo kampuni ya santuri ya Ngoma, na mwaka huohuo Wendo Kolosoy akavuma na Marie-Louise. Rumba ya Kongo ikaanza safari yake ya kuelekea mashariki, mpaka Dar es Salaam na Nairobi. Mombasa nako, Juma Bhalo aliimba taarabu kwa tuni zilizotoka katika filamu za Kihindi, na wapenzi wake hawakuona kwamba wanasikiliza kitu cha kigeni.

Mwezi Februari 1952, mtafiti Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika ya Kusini, alifika Jadotville, mji wa machimbo katika Katanga ambao sasa unaitwa Likasi. Huko alimkuta Mwenda Jean Bosco, aliyepiga gitaa kavu kwa kidole gumba na cha shahada hivi kwamba msikilizaji aliweza kudhani wapigaji ni wawili. Bosco aliimba kwa Kiswahili cha Katanga. Tracey alimrekodi, akaandika jina lake, na wimbo wa Masanga ukapata Tuzo ya Osborn mwaka huohuo. Santuri za Bosco zikauzwa nchi nyingi za Afrika, yeye akafika Nairobi kufanya kazi ya muziki, na mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport nchini Marekani. Mwaka uliofuata, Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walisafiri hadi Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya Expo 70.

Hayo yote yalitokea kabla ya rafu ya London kuwepo. Ni kweli kwamba yalitokea hapa na pale, bila mtandao wa kuyaunganisha. Bosco alirudi Kongo, Mbaraka akarudi Morogoro, na Wamarekani au Wajapani waliowasikia hawakuwa na duka la kununulia kazi zao. Pengo hilo ndilo wafanyabiashara wa Ulaya waliloliona baadaye.

Ila kabla hawajaliziba, Ulaya ilijifunza kwanza kuchukua sauti bila kuuliza ya nani. Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Burundi. Mwaka 1967 watafiti wa Kifaransa walirekodi wapiga ngoma wa huko, na rekodi ikatolewa Ufaransa katika santuri ya muziki wa jadi. Ngoma hizo zilikuwa za heshima kubwa; zilihusiana na mwami, yaani mfalme, na utawala wake, na wapigaji walirithishana kazi katika koo zao. Mwaka 1971 mwanamuziki wa Paris, Michel Bernholc, alizichukua sauti hizo, akaongezea piano na gitaa la umeme juu yake, akatoa wimbo wa Burundi Black. Jina la msanii lililoandikwa lilikuwa la kubuni, la kwake yeye. Wimbo ukauzwa, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 mdundo huo ulikuwa umeingia katika muziki wa vijana wa Uingereza, kwa bendi kama Adam and the Ants na Bow Wow Wow. Maelfu walicheza mdundo wa Burundi bila kujua jina la hata mpigaji mmoja.

Mwaka 1982 wapiga ngoma wenyewe walifika. Mwimbaji Peter Gabriel na wenzake waliandaa tamasha la WOMAD katika mji wa Shepton Mallet, Uingereza, mwezi Julai mwaka huo. Kundi la Burundi likatokea kama ilivyo desturi yao, ngoma nzito vichwani, wakipiga huku wakitembea, kisha wakazipanga nusu duara na kupokezana ile ya katikati. Vijana waliokuja kuona bendi za rock waliishia kuwatazama Warundi. Kifedha tamasha lilikuwa hasara kubwa, na waliokuwa wenzake Gabriel katika bendi ya Genesis walikubali kufanya onyesho moja naye mwezi Oktoba ili kulipa madeni. Lakini kilichokuwa mdundo usio na mwenyewe sasa kilikuwa na nyuso. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu.

Miaka minne baada ya WOMAD ya kwanza, albamu moja ilibadilisha biashara yote. Paul Simon wa Marekani alipewa kanda ya muziki wa Soweto, akaipenda, na Februari 1985 akaenda Johannesburg kurekodi na wanamuziki wa huko. Graceland ilitoka mwaka 1986. Ililalamikiwa, kwa kuwa Umoja wa Mataifa ulikuwa umetaka wasanii waisusie Afrika ya Kusini ya ubaguzi wa rangi, na wapinzani wa ubaguzi waliandamana nje ya maonyesho yake London. Hata hivyo Simon aliandika majina ya wenzake kwenye jalada na kuzunguka nao duniani. Joseph Shabalala na kundi lake la Ladysmith Black Mambazo, waliokuwa wakirekodi tangu miaka ya 1970, sasa walisikika katika nyumba za watu ambao hawakuwahi kusikia neno la Kizulu.

Wateja wakaanza kuuliza madukani. Wauzaji hawakuwa na jibu. Santuri ya Salif Keita wa Mali iliwekwa wapi? Na ya Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistani? Nyingine ziliwekwa pamoja na jazz, nyingine na reggae, nyingi zilirudishwa kwa mwenye kampuni kwa sababu hazikuwa na mahali. Mkutano wa Juni 1987 uliitishwa kwa sababu hiyo. Walikuwepo Roger Armstrong na Ben Mandelson wa GlobeStyle, Joe Boyd wa Hannibal, mtangazaji Charlie Gillett, na wengine. Jina lililotaja nchi za joto lilikataliwa, maana lingeziacha nje kwaya za Bulgaria zilizokuwa zikisifiwa sana wakati ule. Jina lililotaja mdundo lilikataliwa pia, maana muziki mwingine hauna ngoma. "Muziki wa dunia" lilibaki, si kwa kuwa lilieleza kitu, bali kwa kuwa halikumfukuza mtu. Tena halikuwa jina jipya: Robert Brown alikwishalitumia katika Chuo Kikuu cha Wesleyan, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alipowaalika wapigaji kutoka Asia na Afrika kufundisha wanafunzi wake.

Walichangishana pauni elfu chache, wakachapisha vibao vya kuwekwa madukani, na kuufanya Oktoba 1987 kuwa mwezi wa kampeni. Hiyo ndiyo asili ya rafu. Kwa kiasi hicho cha fedha, sijui kampeni nyingine ya muziki iliyozaa matokeo makubwa zaidi. Mwaka 1990 jarida la Billboard lilianzisha chati ya muziki wa dunia, na mwaka 1992 tuzo za Grammy zikatoa zawadi ya kwanza ya kundi hilo. Aliyeipokea alikuwa mpiga ngoma Mmarekani, Mickey Hart, kwa albamu ya Planet Drum aliyoipiga pamoja na Zakir Hussain wa India na Babatunde Olatunji wa Nigeria. Jina la mbele lilikuwa bado la Mmarekani.

Kwetu, rafu hiyo ilifungua milango ya kweli, na haki inatudai tuseme hivyo. Mwaka 1988 GlobeStyle ilikuja Zanzibar kurekodi, na santuri 4 za taarabu zikatoka. Ya kwanza ilibeba majina ya Abdullah Mussa Ahmed na Seif Salim Saleh, ya pili Ikhwani Safaa, ya tatu wasanii mbalimbali, ya nne Culture Musical Club, chama kilichozaliwa mwaka 1958. Msikilizaji wa Berlin au Tokyo akaweza sasa kutofautisha kanuni ya mmoja na udi wa mwingine. Kampuni hiyohiyo ikatoa nyimbo za zamani za Black Star na Lucky Star za Tanga, na mwaka 1990 albamu ya Zein Musical Party, Mtindo wa Mombasa.

Hukwe Zawose alikuwa ametangulia. Mgogo huyu wa Dodoma, mwalimu katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, alirekodi Tanzania Yetu, iliyotolewa London mwaka 1985 na kampuni ya Triple Earth. Aliimba kwa sauti iliyopanda na kushuka kuliko ilivyotarajiwa kwa mtu mmoja, akipiga ilimba kubwa yenye vyuma vingi na zeze. Baadaye alirekodi kwa Real World, kampuni ya Peter Gabriel, hadi kifo chake Desemba 2003.

Kisha Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akaongoza Super Matimila. Aliimba kuhusu kifo, umaskini na ubaguzi, na watu wa Dar es Salaam walimpenda kiasi cha kukiita kituo cha daladala Sinza kwa Remmy. Mwaka 1988 alizunguka Ulaya na WOMAD, na mwaka uliofuata Real World ikatoa Songs for the Poor Man. Ulaya ilimpokea kama mpiga gitaa wa muziki wa kucheza, nasi tulimjua kama mtu wa maneno. Wimbo wake Mambo kwa Soksi, uliowahimiza watu kutumia kondomu wakati UKIMWI ulipoanza kuua, haukupigwa Radio Tanzania, lakini ulienea kwa kanda na majukwaani. Msikilizaji wa Uingereza aliyecheza wimbo wa Remmy bila kujua unasema nini alipata nusu ya Remmy. Hakukosea kuupenda, alikuwa bado hajafika mwisho wa safari.

Fatuma binti Baraka, Bi Kidude, alifikia rafu hiyo akiwa ajuza. Aliimba nyimbo za Siti, alipiga msondo katika unyago, alifunza wali, na umri wake watu walibishania hadi mwisho. Mwaka 2005 maonyesho ya WOMEX, soko kuu la muziki wa dunia, yalimpa tuzo yake ya heshima. Tangu 2004 Zanzibar ilikuwa na tamasha lake la Sauti za Busara, na wageni walipanda ndege kuja kumwona Ngome Kongwe. Alifariki Aprili 2013. Ndani ya maisha yake, njia iligeuka: Siti alipelekwa Bombay kufuata mtambo, naye Bi Kidude alifuatwa nyumbani.

Wakati huohuo, ng'ambo ya pili ya bahari, muziki wa Cuba uliozaa dansi letu ulikuwa unarudi kwa mlango mwingine. Mwezi Machi 1996 kampuni ya World Circuit ya London iliandaa rekodi Havana ya wapigaji wa Mali pamoja na wa Cuba. Wamali hawakufika, kwa hiyo Ry Cooder na Juan de Marcos González waliwakusanya wazee wa jiji: Compay Segundo, Ibrahim Ferrer, Rubén González. Buena Vista Social Club ikawa moja ya albamu zilizouzwa sana katika historia ya rafu hiyo. Msikilizaji yeyote wa Dar es Salaam aliyekulia na bendi za dansi angeweza kuusikia ukoo wake mle.

Mafanikio hayo hayakuondoa lawama. Mwaka 1999 mwanamuziki David Byrne aliandika katika New York Times kwamba anauchukia "muziki wa dunia", akimaanisha jina, kwa kuwa lilimpa msikilizaji ruhusa ya kuwaweka wasanii wote pembeni, mbali na muziki anaouona wa kawaida. Lawama ilikuwa ya haki. Jina moja liliwaweka pamoja mfinyanzi wa Fumba, mwimbaji wa qawwali wa Faisalabad na mwimbaji wa morna wa Cabo Verde, ambao hawakushiriki chochote ila kutokuwa Waingereza wala Wamarekani. Novemba 2020 waandaaji wa Grammy walibadilisha jina la tuzo hiyo, wakieleza kwamba la zamani lilibeba mwelekeo wa kikoloni, na mshindi wa kwanza chini ya jina jipya alikuwa Burna Boy wa Nigeria.

Kubadilisha kibao hakutoshi, na kukilaumu pia hakutoshi. Watu wa mwaka 1987 walifanya kazi ya muuzaji: waliufikisha muziki dukani. Kazi iliyobaki ni ya msikilizaji, na kubwa zaidi ni ya sisi tunaoelewa maneno. Msomaji anayetaka kuujua muziki wa dunia asianze na orodha ya mastaa. Achukue wimbo mmoja unaomgusa, atafute nani anaimba, nani anapiga, wimbo ulirekodiwa wapi na unasema nini. Kisha autafute wimbo uliouzaa huo. Kutoka kwa Bi Kidude atafika kwa Siti, kutoka kwa Siti atafika Cairo. Kutoka kwa Remmy atafika Kinshasa, na kutoka Kinshasa atafika Havana.

Nasi tuliokulia ndani ya muziki huu tuna deni la kuandika. Kwenye mfululizo wa Zanzibara, ulioanza kutolewa Ufaransa mwaka 2005, nyimbo za kale za taarabu na dansi zimerudishwa sokoni zikiwa na historia zake. Kazi hiyo ingeweza kufanyika pia Unguja, Tanga, Mombasa na Dar es Salaam, maana wapo bado wazee wanaojua nani alipiga fidla katika wimbo upi, shairi lilitungwa na nani, na lilimsema nani. Mwaka 2024 Real World ilitoa albamu ya Maisha ya The Zawose Queens: Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake. Zamani wanawake wa familia hiyo waliitikia nyuma ya Hukwe. Sasa wao ndio wanaotangulia, na wao ndio wanaotajwa. Vijana wao wakiuliza kesho nani aliimba kabla yao, jibu liwe limeandikwa, kwa Kiswahili, na liwe na majina yote.